Aliyewashikia Wenzake Baiskeli

Kaka yangu Mbaruku Rehani alifariki Jumatano alfajiri, mwezi wa tisa mwaka huu wa 1984, nyumbani kwake hapa Sindeni, baada ya kuugua ini kwa wiki saba. Maji ya kumwosha yalikuwa bado jikoni pale shemeji yangu Fatu alipotoka mlangoni, macho makavu, akamwita jirani yetu.

"Petro, baba, chukua baiskeli. Nenda upande wa Mkata ukamwambie Lekishon."

Kaka yetu mkubwa, Kibwana, anayeishi Mashewa, aliipata habari saa tatu asubuhi kwa dereva wa lori. Alipoingia uani mchana alikuwa amelia njia nzima, na kilichomtoka kwanza kilikuwa lawama.

"Yaani Mmasai wa Mkata anaambiwa kabla yangu mimi niliyetoka naye tumbo moja?"

Nilijibu mimi. "Ndivyo alivyousia, kaka."

Watoto wa Kibwana walinitazama. Baadaye, siku ya tatu, mmoja wao aliniuliza huyo Lekishon alikuwa nani kwa baba yake mdogo. Nilimwambia nitaandika, kwa sababu mambo mengine nikiyasema kwa mdomo sauti inakatika. Namwomba Mwenyezi Mungu anipe niandike ukweli bila kuongeza.

Baba yetu alifariki mapema. Mbaruku aliacha shule darasa la nne akaenda kukata mkonge kwenye shamba moja karibu na Korogwe. Mimi Swaumu nilisoma hadi kidato cha nne kwa jasho lake. Mikono yake ilikuwa na makovu madogo ya miiba ya mkonge tangu kiganjani hadi kwenye viwiko, na alikuwa akinitania kwamba hayo ndiyo madaftari yangu.

Huko kwenye mkonge ndiko alikojifunza kushindana kwa baiskeli. Jumapili wakata mkonge walikuwa wakikimbizana kwenye barabara za shamba, na mashindano yao yalikuwa na sheria zake. Hakuna aliyeziandika. Ukivunja hupigwi faini, ila Jumapili inayofuata hupati mtu wa kupanda naye. Mbaruku alinifundisha sheria hizo akiwa amekaa kizingitini anatia cheni mafuta. Mkiwa wawili au watano mbele, mnapokezana upepo: mmoja anaongoza na kupasua upepo, wengine wanapumua nyuma yake, kisha anarudi nyuma na mwingine anashika mbele. Anayejificha nyuma safari nzima haruhusiwi kuchomoka penye bendera. Mwenye pancha au aliyeanguka hakimbiwi. Penye maji watu hushuka wote, hunywa wote, na aliyenywa mwisho hupiga kengele ndipo mbio zinaendelea. Na mshindi peke yake ndiye hupiga kengele akiingia mjini, tangu darajani hadi kwenye bendera, ili watu wajue.

"Na aliyechoka je?" nilimuuliza.

"Aliyechoka anaachwa. Hayo ndiyo mashindano yenyewe."

Mwaka 1968 yaliandaliwa mashindano ya sikukuu ya Uhuru, tarehe tisa Desemba, kutoka Handeni hadi Korogwe. Zawadi ya kwanza ilikuwa baiskeli mpya, Phoenix, yenye karia na taa. Wengine waliitaka kwa fahari. Mbaruku aliitaka kwa sababu nyingine, na nyumba nzima tuliijua. Kliniki moja ya Handeni ilikuwa inatafuta mtu wa kupeleka dawa na chanjo vijijini. Kazi ya mshahara wa kila mwezi, heshima, na mwisho wa mkonge. Sharti lilikuwa moja: aje na baiskeli yake mwenyewe kabla Januari haijaanza. Na baiskeli aliyokuwa akiipanda Mbaruku ilikuwa ya Kibwana. Kibwana alikuwa ameajiriwa ukarani wa chama cha ushirika Mashewa na angeondoka nayo baada tu ya sikukuu. Kwa hiyo ilikuwa apate ile Phoenix, au arudi kukata mkonge.

Tarehe tisa Desemba mwaka ule iliangukia mwezi wa Ramadhani. Tulikuwa tumefunga siku kumi na nane. Mama alimwambia apumzike siku hiyo kufunga, kwa kuwa yu safarini na dini inamruhusu.

"Mama, Handeni na Korogwe ndiyo safari?" Mbaruku alisema. "Nimekwenda Korogwe mara mia nikirudi kufuturu hapa."

Alikula daku ya bada, ule ugali wa muhogo, na mlenda, akanywa maji mengi, akanuia.

Waliondoka Handeni saa moja asubuhi, watu thelathini na mmoja. Vuli ilikuwa imekatika mapema na vumbi lilikuwa jingi. Mimi nilikuwa likizo. Nilikuwa na akina mama wa UWT hapa Sindeni, mbele ya ofisi ya TANU, ambako tuliweka mitungi sita kando ya barabara. Wa kwanza walifika watu tisa kwa pamoja, weupe kwa vumbi kama waliotoka kusaga unga. Mbele kabisa alikuwa kaka yangu na kijana mrefu mwenye masikio yaliyotobolewa, amevaa kaptula ya khaki. Huyo ndiye Lekishon, Mmasai wa upande wa Mkata, mtoto wa wafugaji, aliyebatizwa, mwenye baiskeli aliyoipata kwa kuuza maziwa Handeni. Walikuwa wakijuana kwa mashindano tu. Walikuja wakitupiana maneno.

"Baiskeli si ng'ombe, Lekishon, haisogei kwa mluzi!"

"Na wewe Mzigua, mbona unaipanda kama unalima?"

Wote walishuka. Mbaruku naye alishuka. Simeo, fundi wa Korogwe, mtu wa misuli na maneno, alishika kata akamcheka.

"Mgosi, wewe si umefunga? Unashuka ili iweje? Nenda zako. Sheria ya maji ni ya wanaokunywa. Hakuna atakayekulaumu."

Na kweli hakuna ambaye angemlaumu. Nilimwona kaka yangu akiitazama barabara ya Korogwe. Ilikuwa nyeupe na tupu. Moyo wangu ulimwambia aende. Kisha akaegemeza baiskeli yake kwenye kiuno, akanyoosha mikono yote miwili.

"Leteni baiskeli zenu niwashikie, mnywe vizuri."

Akasimama juani katikati ya baiskeli tano au sita, amezikumbatia kama mtu anayezuia mbuzi, anameza mate makavu, wenzake wanakunywa na kujimwagia. Nilimpa Lekishon kata kwa mkono wangu. Aliifikisha mdomoni. Akamtazama Mbaruku. Akairudisha chini, akayamimina maji mtungini polepole.

"Mbona hunywi?" nilimuuliza.

"Sina kiu, dada."

Midomo yake ilikuwa imepasuka.

Simeo alimaliza, akapiga kengele, wakaondoka. Yaliyotokea mbele sikuyaona, lakini nimeyasikia kwa vinywa vya Mbaruku na Lekishon mara nyingi, wakikatizana, na nimeandika yale tu waliyokubaliana.

Baada ya mlima wa kwanza wawili hao waliwaacha wenzao. Walipokezana upepo kama watu waliozaliwa nyumba moja, hesabu ya nguzo ishirini za simu kila mmoja. Simeo na wengine wawili walibaki nyuma hadi wasionekane. Walipoingia kwenye mkonge, zikiwa zimebaki kama kilomita nane kufika darajani, ilikuwa zamu ya Lekishon kuongoza na hakuongoza. Gurudumu lake lilianza kwenda huku na huku. Mbaruku alifikiri ni utani. Kisha Lekishon akaingia kwenye mtaro na baiskeli juu yake.

Mbaruku alisimama. Alimwondolea baiskeli, akaona hana jeraha. Macho tu ndiyo yaliyokuwa yamegeuka. Aliiacha baiskeli ya Kibwana katikati ya barabara, akakimbia hadi kambi ya wakata mkonge, akamwomba mwanamke mmoja maji. Alipewa kopo la bati. Alirudi akitembea upesi kwa hadhari, maji yasimwagike.

"Kunywa."

"Wewe hujanywa," Lekishon alisema.

"Mimi nimefunga."

"Na mimi nimefunga."

"Tangu lini Mmasai wa kanisani akafunga Ramadhani?"

"Tangu Sindeni. Ushinde bila maji, mimi nishinde kwa maji, hayo mashindano gani?"

Mbaruku alikuwa akisema kwamba hapo alitaka kumpiga na kumkumbatia kwa wakati mmoja. Akamuuliza, "Daku ulikula nini?"

"Daku ndiyo nini?"

"Chakula cha usiku, kabla ya alfajiri. Mtu anakula na kunywa ndipo anafunga. Wewe umekula nini tangu jana?"

"Maziwa. Jana jioni."

"Lekishon!"

"Hiyo hamkutuambia," Lekishon alisema, amelala mtaroni. "Miaka yote mnatuambia tu kwamba hamli."

Walicheka, mmoja kwa koo kavu na mwingine bila nguvu. Lakini kopo alilikataa bado. Akainua kichwa, akasikiliza barabara.

"Simeo anakuja. Mbaruku, nenda. Mimi sikuanguka kwa jiwe, nimeishiwa nguvu. Aliyechoka anaachwa, wewe mwenyewe unajua. Sikukuu ikiisha baiskeli hii inakwenda Mashewa, utapanda nini? Nenda."

Kumbe alijua. Kila mpanda baiskeli wa Handeni alijua Mbaruku anakimbilia nini.

Kaka yangu alipiga magoti vumbini, akamshika kisogo. "Hukuishiwa nguvu. Uliyamwaga maji yako kwa ajili yangu. Kunywa, halafu tutaongea habari za sheria."

Lekishon alikunywa. Alikuwa amefika nusu ya kopo pale Simeo na wenzake wawili walipopita. Hawakusimama. Sitaki mtu amlaumu Simeo, kwa maana aliona watu wawili wamekaa kando ya barabara na baiskeli nzima, bila pancha wala damu. Alipita kwa haki yake. Mbaruku alisema Simeo aligeuka kuwatazama mara mbili. Baadaye wakapita wengine wawili.

Kule Korogwe watu walikuwa wamejaa tangu darajani, wametega masikio. Simeo alipita katikati yao wa kwanza, kimya. Watu wakaulizana kama kengele yake ni mbovu. Penye bendera mzee mmoja alimwambia, "Simeo, mbona hupigi?" Akajibu, "Leo siipigi," akashuka. Alipewa Phoenix yake na akaenda nayo.

Mbaruku na Lekishon waliingia baada ya dakika kumi na tano, Mbaruku mbele amekingia upepo, Lekishon nyuma yake. Mmoja alikuwa wa sita na mwingine wa saba. Nani alikuwa nani sijui hadi leo. Walibishana miaka karibu kumi na sita, kila mmoja akidai kwamba yeye ndiye wa saba.

Jioni ile Mbaruku alifuturu nasi, akaeleza yaliyotokea kwa maneno machache. Kibwana alipaza sauti, tende mdomoni.

"Ulikuwa mbele! Zimebaki kilomita nane! Unaikosa kazi kwa kopo la maji?"

"Kaka, hiyo Phoenix ningeipanda vipi?"

"Kwa miguu miwili! Kama watu wanavyopanda!"

Mama alimwambia Kibwana anyamaze, tende isije ikamkwama. Lakini nilimwona Mbaruku akiosha baiskeli ya kaka yetu kabla ya Ishaa, kwa kitambaa na maji, kila spoki ya gurudumu. Aliosha muda mrefu kuliko uchafu uliokuwapo. Keshoye Kibwana aliondoka nayo. Baada ya Idi Mbaruku alinoa kisu chake cha mkonge.

Siku mbili kabla ya Januari, Lekishon alitokea uani kwetu akisukuma baiskeli yake. Alikuwa ameipaka mafuta na kuijaza upepo. Alimwamkia mama shikamoo, akakaa kwenye kigoda, akanywa chai yote, ndipo akasema.

"Nimekuja kukupokea upepo."

"Upepo gani tena?" Mbaruku aliuliza.

"Baiskeli hii ina siku saba. Mimi nazihitaji mbili, Jumamosi mnadani na Jumapili kanisani. Tano zinalala bure. Peleka dawa zako. Ijumaa si utamalizia Mkata? Iache bomani kwetu, panda basi. Jumatatu nikileta maziwa Handeni nitakuachia."

Mbaruku alikataa. Alisema wametaka mwenye baiskeli yake mwenyewe, na hii si yake, na yeye hadanganyi watu wa serikali.

"Basi ni yako," Lekishon alisema. "Tangu sasa. Mimi ndiye ninayeazima siku mbili. Utaninyima?"

"Lekishon, hiki ndicho kitu pekee ulicho nacho chenye magurudumu."

"Mimi nilikunywa maji yako nikiwa sitaki. Wewe ukatae baiskeli yangu, halafu tuwaulize watu ni nani mwenye adabu."

Mama, ambaye alikuwa akichambua mchele, alisema bila kuinua kichwa, "Mbaruku, mwenzio kasema neno la haki. Pokea." Akapokea. Akaipata kazi.

Miaka sita baiskeli moja ilikuwa na wenyewe wawili, hadi kliniki ilipompa ya kazi. Kati yao kulikuwa na sheria moja ambayo nayo hawakuiandika: anayekabidhi huijaza upepo kwanza. Hakuna siku Mbaruku alipokea tairi laini, wala Lekishon hakupokea. Pampu ilikuwa moja na ilikaa kwenye fremu, na ipo hadi leo.

Kwa baiskeli ile kaka yangu alipeleka chanjo ya ndui hadi kwenye maboma ambayo hayakuwa na njia. Watu walipohamishiwa vijiji vya ujamaa na maji yakawa machafu, alikuwa akilala njiani ili dawa ifike kabla ya jua kali. Kipindupindu kilipoingia alikaa siku kumi na mbili bila kurudi nyumbani, na Fatu akawa anamtambua kwa sauti ya kengele akipita barabarani bila kushuka, asije akatuletea ugonjwa. Alikuwa mbishi, namwomba Mungu amsamehe, na alikuwa akilala swala ya alfajiri ikipita Fatu asipomwamsha. Lakini mtu aliyeanguka hakumpita. Hata aliyechoka hakumpita. Sheria ile nyingine aliiacha mtaroni siku ya Uhuru na sikumsikia akiitaja tena.

Sasa nirudi kwenye siku ya msiba. Lekishon alifika saa nane mchana kwa baiskeli, mtu wa miaka arobaini na zaidi, na mwanawe Lesiamon nyuma yake. Aliegemeza baiskeli ukutani akasimama na wanaume.

Baada ya swala jeneza lilitoka. Sisi wanawake tulibaki uani, lakini barabara ya makaburini inaonekana hadi kwenye kona. Wanaume walilibeba kama kawaida yetu, mbiombio, kila mmoja anatia bega hatua chache kisha anampokeza mwenzake. Lekishon alipotaka kutia bega, shemeji yetu mmoja alimzuia mkono.

"Huyu si wa dini yetu."

Imamu wetu, Mzee Mwinjuma, alikuwa karibu. "Mwachie njia," alisema. "Huyo wamepokezana na marehemu kabla wewe hujaoa kwetu."

Lekishon akatia bega mbele, upande wa kulia. Akaenda hatua kumi, ishirini, thelathini. Watu walimgusa apokewe, hakutoa bega. Alikuwa analia na mdomo umefumba. Ndipo nikamwona Kibwana akitoka nyuma, akipita wenzake hadi ubavuni kwake. Niliogopa. Baadaye waliokuwa karibu walituambia alichosema.

"Pokeza, Lekishon. Nenda nyuma upumue, ndugu yangu. Zamu yako itarudi."

Lekishon alitoa bega, Kibwana akaingia. Kabla ya kona nilimwona Lekishon amerudi mbele tena.

Waliporejea kutoka mazikoni jua lilikuwa limeshuka. Lekishon hakutaka kulala, alisema ng'ombe hawana mtu. Alikuwa ameshashika baiskeli yake barabarani, midomo imepasuka kwa vumbi, nami nikachota maji mtungini nikamfuata. Nilimnyooshea kata kwa mkono wangu kama siku ile.

Aliangalia maji, akaangalia baiskeli mkononi mwake, akawa kama hajui aiweke wapi. Kibwana alikuja akaishika usukani.

"Nikushikie," alisema. "Unywe vizuri."

Lekishon alikunywa yote, akaniomba kata nyingine.